Mtu Aliyesema Macho Hayaoni

Nitamwita Profesa, kama jengo zima lilivyomwita, ingawa hakuwa profesa. Jina lake ninalo, hata la ukoo ninalo, kwa sababu nililisoma kwenye karatasi ya polisi, lakini silitaki mdomoni mwangu. Alikozaliwa na aliozaliwa nao hayanihusu. Mimi nilimpata akiwa mtu mzima tayari, mwenye miwani mizito na mabega yaliyoinama, akipanda ngazi za jengo letu pale Joubert Park huku amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Hiyo ilikuwa 2015. Mwaka 2017 alinyoosha kidole kimoja tu, na kidole hicho kikamrudisha mdogo wangu Tanga. Nayasema haya mapema ili ukicheka huko mbele, maana alikuwa mtu wa kuchekesha kweli, ujue unacheka na nani.

Na mimi pia unijue. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu waliondoka kwao kuja Johannesburg ili waione dunia. Mimi nilipanda basi moja baada ya jingine, nikavuka mipaka yote ile, ili nije kukaa jikoni. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaamshe. Napika sambusa za kuuza. Himaya yangu inaanzia kwenye sinki na kuishia kwenye kibaraza cha ghorofa ya saba, ambako naanika nguo na kuwasema wanaopita chini. Baba Salma anaendesha malori, kwa hiyo naye ni mgeni tu anayekuja na nguo chafu. Lifti yetu ilikufa kabla hatujahamia, na kwa sababu hiyo namjua kila mtu wa jengo lile kwa miguu yake ngazini. Miguu ya Profesa ilikuwa na mburuzo. Alipanda akiwa amegusa ukuta wa kushoto kwa bega, kila siku, mpaka rangi ya ukuta ikatoka na koti lake likapata kiraka cheupe ambacho hakukiona hata mara moja.

Huyo ndiye mtaalamu wa kuona.

Alipanga chumba cha pili kutoka kwetu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, Mkristo, mwembamba, na kazi yake ilikuwa Braamfontein, kwenye maabara ya chuo. Nilipomuuliza mara ya kwanza anafanya nini huko, aliniambia anasoma namna tumbili anavyoona. Nikamwambia hilo hata mimi naweza kumjibu bila kulipiwa: tumbili anaona ndizi. Mdogo wangu Idrisa alicheka mpaka akashika kichwa kwa mikono miwili, ndivyo alivyokuwa akicheka. Profesa hakucheka. Alivuta kiti, akasogeza donge langu la unga, akasema maneno ambayo baadaye tuliyasikia mpaka tukayachoka.

“Mama Salma, macho haionake. Macho inabebaka tu. Mwenye kuona ni bongo.”

Tangu siku hiyo akawa mtu wa jikoni kwangu. Alikuja jioni akitoka kazini, mlango ukiwa wazi kama heshima inavyotaka, Idrisa akiwa amekaa kwenye ndoo akipanga makava yake ya simu ya kuuza kesho yake karibu na stesheni, na Salma akijifanya anasoma. Profesa alikunywa chai yangu, akala sambusa zilizopasuka ambazo siwezi kuziuza, akafundisha. Alichora kwenye unga uliobaki mezani. Kila mara nilimwambia huo ni unga wa chapati na si ubao wa shule, na kila mara alisema “bon, pole sana,” huku kidole kikiendelea.

Sitadai kwamba nilielewa yote. Nilielewa yale ya jengo, kwa sababu alitumia jengo letu. Alisema picha inaingia chini, getini, na pale getini hakuna anayejua picha ni ya nani. Kuna mwenye kujua mstari uliosimama tu, na jirani yake anajua uliolala, na mwingine ulioinama kidogo. Wanapandisha habari ghorofa ya kwanza. Huko yupo anayejua kona. Juu yake yupo wa rangi. Halafu ngazi zinagawanyika: moja inapanda ikiuliza hiki ni kitu gani, nyingine inapanda ikiuliza kiko wapi na mkono ukifuate vipi. Na juu kabisa, kwenye ile ngazi ya kwanza, kuna chumba ambacho kazi yake ni nyuso tu. Umwonyeshe mwenye chumba chungwa, amelala. Umwonyeshe uso, anaruka kitandani.

Idrisa akauliza, kwa hiyo wa juu anakaa tu anasubiri kuletewa?

Hapo Profesa alifurahi, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limemtoa kwao. Alisema watu wengi wanadhani hivyo, lakini sivyo. Wa juu nao wanateremsha maneno, na wanateremsha mengi kuliko wanayopandishiwa. Wanawapigia kelele wa chini: tafuteni hiki, mmeona kile, nyamazeni nyie wengine. Mara nyingi unakuwa umeshaona kabla hujaona.

“Kama mwenye nyumba wetu,” Idrisa akasema. “Hajawahi kupanda huku, lakini anajua nani mchafu.”

Profesa alimwangalia Idrisa kwa muda mrefu, halafu akaniambia mimi, kama vile Idrisa hayupo, kwamba kijana huyu kichwa chake ni kizuri, ni huruma kinauza plastiki. Nilichukulia kwamba ni sifa. Siku hizi nalitafuna lile neno huruma na naona lilikuwa na mfupa.

Alikuwa na misemo yake miwili mitatu, kama mtu mwenye mashati machache. Uliokuwa juu ya yote ulikuwa huu: bongo haipendeke shimo. Ukimwambia umesahau chumvi, bongo haipendeke shimo. Ukimwambia fulani amefumaniwa, bongo haipendeke shimo. Maana yake alituonyesha siku moja kwa karafuu. Alitandaza unga, akaweka karafuu mbili mbali kidogo, akamwambia Salma afumbe jicho la kushoto, aitazame ile ya kushoto kwa jicho la kulia bila kuhamisha, na ainamishe kichwa polepole. Salma akapiga ukelele. Karafuu ya kulia ilikuwa imetoweka. Mimi ilinichukua muda, kwa sababu mimi hata kufumba jicho moja siwezi bila kufungua mdomo, na Idrisa alinicheka wee. Lakini mwishowe nami nikaona, yaani nikaacha kuona. Karafuu ilikuwa haipo. Hapakuwa na tundu wala kivuli, ni unga tu, mweupe, umetulia.

Nilimuuliza imekwenda wapi. Akasema haijaenda popote. Kila jicho lina mahali ambapo halioni kitu, pale mishipa inapotokea kwenda ndani, na ubongo haukubali kukuonyesha kwamba kuna tundu. Unatazama jirani yake, unachukua kilichopo pembeni, unajaza. “Haikuambie kama imejaza,” akasema. “Iko na aibu.” Na akatuonya kwamba hila ile ni ya jicho moja, ukifungua yote mawili, moja linamfichulia mwenzake.

Kama ningekuwa na akili ningeandika maneno hayo ukutani. Nilikung’uta unga nikaendelea kukunja sambusa.

Mambo yake yalikuwa yanapingana, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mtu akishaitwa Profesa mnamwachia. Alihubiri kwamba macho ni wachukuzi tu, lakini hakununua nyanya hata moja bila kuigeuza mara kumi mbele ya miwani, mpaka yule mama wa Msumbiji anayeuza matunda kwenye kona akawa akimwona tu anazifunika. Sambusa zangu alizifungua kwa kidole akachungulia ndani kabla ya kula. Miaka miwili anakula kwangu, na bado anachungulia. Alisema uso wa mtu ni kazi ya ubongo tu, kama kushona, lakini picha ya mke wake, ambaye alikuwa amebaki Bukavu na baadaye akawa wa mtu mwingine huko huko, aliigeuza ikatazama ukuta, haikutosha akaifunika na taulo.

Na tumbili. Nilidhani ni mtu asiye na huruma nao, kwa namna alivyozungumzia waya na mashine. Kumbe kulikuwa na jike mmoja mzee aliyempa jina la Mama Mkubwa. Alimfundisha kukaa kwenye kiti na kutazama nukta kwenye skrini, na akiitazama vizuri anapewa tone la juisi. Mama Mkubwa alikuwa mvivu kwa kila mtu isipokuwa kwake. Akiingia mwingine, analala. Akiingia Profesa, anakaa sawa na kutazama nukta kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Alituambia kwamba ndani ya kichwa cha yule mnyama kuna mahali palipokuwa panawaka kila uso wake unapotokea, alipaona kwenye mashine kwa macho yake, na aliposema “kwa macho yangu” hakuna aliyemkumbusha chochote.

Halafu utafiti ulifika mwisho, na mwisho wa utafiti wa namna hiyo mnyama haendi nyumbani. Profesa ndiye aliyekata ubongo, vipande vyembamba kuliko karatasi ya kufungia sambusa, akavipaka rangi na kuvilaza kwenye vioo. Siku hiyo alikuja akakaa, hakuchora kitu. Salma alimuuliza kama amemlilia. Akajibu kwamba hajui ni kipande kipi.

“Kipande gani?” Salma akauliza.

“Penye miye niko,” akasema. “Uso yangu iko pale, juu ya kioo moja. Sijue ni gani.”

Aliomba chai bila sukari. Akakataa nyama kwa juma zima. Sambusa za nyama aliendelea nazo, sijui aliziweka kwenye hesabu gani. Usiku ule nilimwambia Idrisa kwamba mtu mwenye maneno kama yale hawezi kuwa mbaya. Idrisa hakubisha. Alimpenda kuliko mimi. Alimwita mzee, alimbebea gunia la unga wa sembe mpaka juu, alimwekea kioo kipya kwenye simu yake na hakutaka asante.

Nisisahau na hili. Majuma yale ya 2015, wageni walipokuwa wakishambuliwa mitaani, tulipokuwa tunafunga milango mapema na kusikia habari za Alexandra kwa simu, Profesa hakutoka kabisa. Aliogopa. Alikuwa amefundishwa na mtu kazini jinsi ya kusema kiwiko kwa Kizulu, kwa sababu ilisemekana ukisimamishwa unaonyeshwa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje, na nilimsikia kupitia ukutani akilirudia neno hilo kama mtu anayejifunza kuswali. Alitueleza kwamba hao wanaotutafuta hawahitaji hata kuuliza. Ubongo unagawa watu wetu na wasio wetu kabla kope haijafunga na kufunguka, na baada ya hapo mdomo unatafuta sababu. Alilisema kwa uchungu mkubwa. Aliyekuwa akishuka kumnunulia mkate kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, siku zote hizo ni Idrisa, ambaye Kizulu chake kilikuwa kibaya kuliko cha Profesa, ila miguu yake mizuri.

Sasa siku yenyewe. Sikuiona, nilikuwa jikoni, ningekuwa wapi? Nimeipata kwa Idrisa, na kwa yule mama wa Msumbiji mwenye matunda, na maneno yao yanafanana kama viatu vya kulia na kushoto.

Ilikuwa mchana, Profesa anarudi. Kwenye kona ya bustani, anasubiri roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, iwe kijani, mtu akamjia kwa nyuma, akamsukuma chini, akamnyang’anya begi lenye kompyuta, akakimbia. Yote yaliisha kabla yule mama hajaweka ndizi chini. Miwani ikaruka. Shavu likapasuka kwenye ukingo wa barabara. Idrisa alikuwa upande wa pili na makava yake mkononi. Akayatupa, akavuka magari yakimpigia honi, akaiokota miwani, akapiga magoti pembeni ya mzee, akamshika mabega, akainama karibu kabisa na uso wake amuulize kama anasikia. Wakati huohuo gari la polisi lililokuwa likizunguka bustani likasimama. Askari akauliza nani. Profesa, akiwa bado amelala mikononi mwa Idrisa, akainua kidole.

Huyu, akasema.

Idrisa alicheka. Alinieleza mwenyewe, alidhani mzee anamwambia askari kwamba huyu ndiye wangu, nisaidieni kupitia huyu. Alikuwa bado anacheka walipomfunga pingu. Mama wa matunda alipiga kelele kwamba siye, lakini alipiga kelele kutoka mbali, na akizidi kurudi nyuma, kwa sababu naye karatasi zake zilikuwa kama zetu, na kesho yake hakuonekana kwenye kona ile tena.

Kompyuta haikupatikana kwa Idrisa, bila shaka. Walisema amempasia mwenzake.

Nilitoka nje siku hizo kuliko nilivyotoka mwaka mzima. Askari mpelelezi alikuwa mwanamke, mtu wa makamo, ana mafua, na hakuwa mbaya. Aliniambia waziwazi. Kesi yote ni kidole cha mzee yule. Akija akaandika kwamba hana hakika, kijana analala kwako leo hii, na mimi sina sababu ya kufungua paspoti yake. Lakini asichelewe, kwa sababu faili likishapanda kwa wakubwa, paspoti itafunguliwa tu. Muhuri wa Idrisa ulikuwa umekwisha zamani. Mpelelezi alijua. Alinitazama kama anaongea na mtu mwenye akili, nami nikajitahidi kuwa mtu huyo.

Nilipanda ghorofa zile saba nikihesabu maneno ya kumwambia Profesa, na nilikuwa na furaha, mjinga mimi. Nilijiambia, kama kungekuwa na mtu mmoja Johannesburg nzima wa kuelewa jambo hili, ni huyu. Mtu mwingine yeyote ningelazimika kuanza na karafuu.

Alikuwa amekaa kitandani, shavu limevimba, miwani imefungwa kwa gundi ya karatasi. Nilimpa pole. Nilimwambia alichoniambia mpelelezi. Nikamwambia, Profesa, ulianguka, miwani haipo, aliyekusukuma alikuwa nyuma yako, wa kwanza kumwona ni Idrisa. Si ndiyo kujaza?

Akaigusa miwani kwa kidole. Halafu akasema taratibu, “Nilimuona, Mama Salma. Sura yake ilikuwa hapa, karibu hivi. Nilimuona na macho yangu.”

“Macho gani, Profesa? Si ulisema hayaoni?”

“Ile ni ya masomo, mama. Hii ni miye njo niliibiwa.”

Nilimkumbusha mkate. Nikamkumbusha gunia. Akasema, na hapa sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile sauti ya mezani kwangu, kwamba ananiheshimu, kwamba mimi ni dada kwake, lakini vijana wa mitaani wanabadilika, njaa ya mji huu inabadilisha mtu, na labda sisi ndugu ndio wa mwisho kuona. Kazi ya miaka yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Mama Mkubwa mzima alikuwa ndani. Nikaelewa basi kwamba ghorofa ya juu ilikuwa imeshateremsha jina zamani, siku nyingi kabla ya begi kuibiwa, tangu siku ya ile huruma, na walio chini walikuwa wanasubiri uso tu.

Sikumtukana. Watu wanauliza kwa nini. Nilikuwa bado namwomba. Huwezi kumtukana mtu ambaye bado unamwomba. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu alifungua kidogo tu, akasema anaumwa kichwa. Nilipeleka chakula rumande nikipita mlangoni kwake, na nikipita nilisikia kiti kikisogea ndani. Baadaye faili likapanda kama mpelelezi alivyosema, na paspoti ikafunguliwa. Kesi ya wizi yenyewe haikufika popote. Profesa hakwenda mahakamani, nayo ikatupwa. Lakini Idrisa alipotoka mlango wa rumande, watu wa uhamiaji walikuwa wamesimama upande wa pili. Alikaa kwenye kile kituo cha nje ya mji wanakowekwa wa kurudishwa, halafu akarudishwa. Hajawahi kuruhusiwa kuingia tena. Anauza makava ya simu Tanga, mahali ambapo kila mtu anauza makava ya simu.

Profesa alihama wakati nimekwenda kumuaga Idrisa. Aliacha ile alama ya bega ukutani. Ipo mpaka leo. Nikipanda nimechoka najikuta nami naegemea palepale, na ninachukia.

Miaka miwili hivi nilimsikia kwa mbali tu. Kwamba amepata shahada, sasa ni daktari kweli. Kwamba amehamia karibu na chuo. Nilidhani yameisha. Mtu wa ndani ana faida hiyo moja: asipotafutwa, hakutani na mtu.

Mwaka 2019 wanafunzi wa Afrika Mashariki pale Braamfontein walikuwa na Jumamosi zao za mihadhara kwa Kiswahili, na mmoja wao aliyewahi kula sambusa zangu akaniagiza trei za kutosha ukumbi mzima. Salma alikuwa amekua, alinisaidia kubeba. Tulipanga meza nyuma kabisa, pembeni ya mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Taa zikapunguzwa. Nikasikia mburuzo kabla sijaona mtu.

“Eish,” Salma akasema chini chini. “Mama, twende.”

Nikamwambia sambusa zitapoa.

Alikuwa na suti na miwani mipya, na Kiswahili chake nacho kilikuwa kimevaa suti. Alieleza geti na ghorofa, wale wa mstari uliosimama na wa mstari uliolala, na chumba cha nyuso. Nilimsikia akitumia hata maneno ya Idrisa, yale ya mwenye nyumba asiyepanda ngazi lakini anajua nani mchafu. Watu walicheka sana. Halafu akasema atawapa mfano wa maisha.

Akasema kulikuwa na mzee mmoja, rafiki yake, msomi kabisa, aliyeporwa begi hapa hapa mjini. Kijana mmoja akaja kumwinua. Polisi walipouliza ni nani, mzee akamwonyesha yule aliyemwinua.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Kuna kijana alipiga meza.

Profesa alingoja wamalize, anajua kungoja. Akasema, mwaona, mwizi hakuwa na uso, alikuwa na mikono tu na mgongo. Palikuwa na tundu. Na ubongo haupendi tundu, ukachukua uso uliokuwa jirani. Akasema rafiki yake aligundua mwenyewe, kabla hata mwezi haujaisha, asubuhi moja akifuta miwani: aliona tena yote, na mwizi alikuwa mgongo tu, unakimbia. Uso haukuwepo.

Kabla mwezi haujaisha. Nilishika ukingo wa meza. Kabla mwezi haujaisha Idrisa alikuwa bado rumande ya mjini, faili bado liko kwa yule mama mwenye mafua, na mimi nilikuwa bado napita mlango ule na sufuria ya wali. Kiti kile nilichokisikia kikisogea kilikuwa na mtu anayejua.

Wakauliza maswali. Kuhusu paka, kuhusu ndoto, kuhusu kama wanaume wanaona rangi chache. Nikainua mkono. Salma alinivuta nguo. Mwanafunzi mwenye kipaza sauti aliniletea, akidhani nataka kutangaza chakula.

“Yule kijana aliyemwinua,” nikasema. “Yuko wapi sasa?”

Profesa alikinga mwanga kwa mkono, akatazama nyuma ya ukumbi. Najua kwamba alinijua. Chumba kile cha juu hakina usingizi kwa uso wa mtu aliyekulisha miaka miwili. Akashusha mkono.

“Swali zuri sana, mama,” akasema. “Ila mimi si mtu wa sheria. Mimi ni mtu wa ubongo.”

Wakacheka tena, kwa adabu, wakapiga makofi, taa zikawashwa.

Walikuja mezani wote, naye akaja, katikati ya wanafunzi wanaomuuliza hili na lile. Alichukua sambusa mbili kutoka kwenye trei iliyokuwa mbele ya tumbo langu. Moja akaifungua kwa kidole, akachungulia ndani. Macho yake yalikuwa kwenye ule mtungi mwekundu, kidogo tu pembeni ya bega langu, hayakutikisika. Naujua umbali ule. Alitufundisha mwenyewe kwa karafuu, na mwenyewe alisema hila hiyo haiwezekani ukiwa umefungua macho yote mawili. Yeye aliiweza. Mahali pangu akajaza ukuta, akala, akasifu, akaenda.

Tulirudi na trei tupu. Salma alizibeba zote mpaka ghorofa ya saba, nami nikamfuata nikihema.

Jioni Idrisa alipiga simu kama kawaida yake ya Jumamosi. Salma alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba tumemwona. Sauti yake haikuwa na kinyongo, haijawahi kuwa nacho, na hilo ndilo linaloniuma kupita yote; bado anasema mzee yule aliumia vibaya siku ile, damu ilikuwa nyingi.

“Ananikumbuka lakini, dada?” akauliza.

Nikamwambia anakumbuka. Amekutaja leo, mbele ya ukumbi mzima.

Akafurahi. Nilimsikia kabisa jinsi alivyofurahi, akaniomba nikimwona tena nimsalimie.